Kwa nini bumu linaisha haraka kampasi ndogo za mikoani kuliko Dar, wakati huku tunaambiwa maisha ni rahisi?

#1 Mwanalupa

Wakuu, habari zenu.

Niko mwaka wa pili, kampasi ndogo ya chuo cha umma huku Nyanda za Juu Kusini. Sitaitaja jina. Tuko wachache kiasi kwamba mlinzi wa getini anatujua kwa majina, na anajua nani kakosa kipindi cha asubuhi. Kutoka chuo hadi mjini ni kilomita 11. Boda 3,000 mchana, usiku 5,000.

Rafiki yangu niliyemaliza naye kidato cha sita yuko Dar, chuo cha umma vilevile. Wote tuna mkopo kamili wa chakula na malazi: 10,000 kwa siku. Hela hiyo ya kujikimu ndiyo tunaiita bumu, na bumu la siku 60 ni laki sita. Tuna mazoea ya kupigiana simu siku likiingia na siku likikata. Tangu tuanze chuo, kila mara linakata kwangu kwanza. Bumu lililopita kwangu lilifika siku ya 37, kwake siku ya 49.

Sinywi, sibeti, sina mchumba. Yeye anaishi Dar ambako kila mtu anasema bila hela hukai. Mama aliniambia nimebahatika kupangiwa huku, nitakula viazi vya bei chee na akiba nitaweka. Nimekaa na kalamu, sielewi. Hela inakwenda wapi? Naomba waliopita kampasi ndogo wanieleze, na wa Dar pia.

#2 Kidumu Lita5

Umesema hubeti mara moja tu, mkuu. Wanaobeti kweli huwa wanasema mara tatu. Kwa hiyo mimi nakuamini.

#3 Nyuki wa Tabora

Bumu si 8,500 kwa siku? Naona umeandika 10,000.

#4 Msela wa Chang'ombe

@Nyuki wa Tabora 8,500 ilikuwa zamani. Imepanda kuwa 10,000. Na kiwango ni kimoja nchi nzima, uwe Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, au uwe porini. Hilo ndilo mtoa mada anapaswa kulitazama, maana hiyo 10,000 haijui bei za mahali ulipo.

Maelezo yangu ni mafupi. Dar kuna ushindani. Mtaa mmoja una mama ntilie ishirini. Akipandisha huyu, wanafunzi wanahamia kwa jirani yake. Huko kwenu nahisi wapo wawili, na wa pili ni mdogo wake wa kwanza.

#5 Mwanalupa

@Msela wa Chang'ombe wapo watatu. Wawili ni mtu na wifi yake. Umenifanya nicheke lakini umepatia.

Bei ya mchele dukani ilikuwa 2,200 kilo. Wiki ya bumu ikawa 2,600. Wiki ya tano ikarudi 2,300. Hakuna mvua iliyonyesha hapo katikati wala mafuta kupanda.

#6 Hesabu Zangu

Tupige hesabu kwanza kabla ya kulaumu watu. Laki sita gawanya kwa 37 ni kama 16,200 kwa siku. Laki sita gawanya kwa 49 ni kama 12,200. Tofauti yenu ni elfu nne kwa siku. Tafuta hiyo elfu nne tu. Swali la kwanza: unakaa hosteli ya chuo au geto, chumba cha kupanga mtaani?

#7 Mwanalupa

@Hesabu Zangu geto. Vitanda vya chuo ni vichache, vinaanza na mwaka wa kwanza na wenye mahitaji maalumu, jambo ambalo ni haki. Kodi 35,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, 210,000. Ila nililipa kwenye bumu la kwanza. Hili ninalolisema ni la pili, halikuwa na kodi ndani.

#8 Binti Isanga

Mwanalupa, bumu la kwanza ukitoa 210,000 ulibaki na 390,000. Ulikula nini mpaka la pili likaingia? Ulikopa. Na la pili lilipoingia ulilipa nini kwanza?

#9 Mwanalupa

@Binti Isanga aisee. Nililipa deni la dukani 62,000 siku ileile lilipoingia. Sikuliweka kwenye hesabu kwa sababu niliona ni la nyuma.

#10 Binti Isanga

Ndiyo hivyo. Kodi uliilipa mara mbili, ya pili ukiiita deni la mchele. Nimepita huko huko, miaka mitatu. Mwaka wa pili tulikuwa tunabebana wawili kitanda kimoja cha futi tatu na nusu, mwenzangu analala kichwa huku mimi kichwa kule, ili tu tusilipe geto. Aliyenibeba sitamsahau maisha yangu yote. Leo ni mwalimu Songea na mwanangu anamwita mama mkubwa.

#11 Mlimani87

Vijana, poleni sana. Mimi nilikuwa Mlimani mwaka 1987. Sisi serikali ilibeba kila kitu: ada, kitanda, chakula cha kafeteria mara tatu kwa siku, na fedha kidogo ya mkononi juu yake. Hilo ndilo lililokuwa bumu. Sera ya kuchangia gharama ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo mambo yakaanza kugeuka. Bumu lenu ni mkopo, letu halikuwa mkopo. Hizo ni hela mbili tofauti zenye jina moja.

#12 Kidumu Lita5

Mzee wangu @Mlimani87, shikamoo. Na wewe ukimaliza ulikatwa asilimia ngapi ya mshahara?

#13 Mlimani87

Marahaba. Sikukatwa. Mwanangu wa pili ndiye anakatwa sasa, 15% ya mshahara wa msingi. Nikiona karatasi yake ya malipo moyo unaniuma.

#14 Hesabu Zangu

Turudi kwenye elfu nne. Deni 62,000 gawanya siku 37 ni kama 1,700 kwa siku. Imebaki kama 2,300. Boda?

#15 Mwanalupa

@Hesabu Zangu nimekaa kukumbuka. Mjini nimekwenda mara nane ndani ya siku hizo, kwenda na kurudi 6,000, jumla 48,000. Mara tatu kutoa hela, kwa sababu siku ya bumu wakala wa hapa getini keshi inamwishia saa nne asubuhi. Mara mbili steshenari, kuchapa na kudurufu ripoti. Mara moja hospitali. Mara mbili kanisani, na hizo mbili siwezi kuziacha.

#16 Hesabu Zangu

Hiyo ni 1,300 kwa siku. Imebaki elfu moja tu, hiyo ni bei ya mchele na makorokoro. Kesi imekwisha.

#17 Msela wa Chang'ombe

@Hesabu Zangu hapana, haijaisha. Umemkata wa mkoani peke yake. Huyo wa Dar naye analipa hosteli, naye anapanda daladala, naye anachapa ripoti. Ukitoa za huyu bila kutoa za yule, hujapima kitu.

Mwanalupa, muulize rafiki yako swali moja: jumamosi huwa anafanya nini?

#18 Mwanalupa

Nimempigia. Jumamosi anafundisha twisheni watoto wawili wa kidato cha pili, hesabu na fizikia. Jumapili anakula kwa shangazi yake Mbagala na anarudi na mfuko wa maandazi. Miaka yote miwili hajaniambia kwa sababu sijamuuliza. Kwa hiyo bumu lake halikuwa peke yake.

Mimi nani nimfundishe huku? Shule ya kata iko kilomita tano na wazazi wengi wanalipa kwa mahindi.

#19 Nyuki wa Tabora

Pokea mahindi.

#20 DukaLaKona

Hamjambo wanangu. Huwa nasoma tu humu lakini leo nimeguswa nikaona niandike.

Mimi nina duka jirani na kampasi, mwaka wa tisa sasa. Si lazima iwe ya huyu mtoa mada. Mnasema tunapandisha bei bumu likitoka. Ni kweli tunapandisha. Naomba nieleze kwa nini.

Ninyi mnakuja mwishoni mwa Oktoba au Novemba, mnaondoka Julai au Agosti. Hapo katikati ya likizo nauza chumvi na viberiti. Kodi ya fremu silipi kwa miezi ya chuo tu, nalipa kumi na mbili. Mchele nauchukua kwa mfanyabiashara wa mjini kwa mali kauli, namlipa ninyi mkinilipa. Bumu likichelewa wiki tatu, ananipigia mimi, hawapigii ninyi.

Nina daftari la kaunta, kurasa 192, kila mwaka moja. Majina yenu halisi siyajui, mnaandikwa kwa mnavyoitana: Chogo, Mama Sapu, Mchungaji, Mrefu wa Bloku B. Kila jina lina ukurasa wake. Nikipokea pesa napiga mstari mwekundu. Mwaka jana Agosti nilifunga daftari likiwa na kurasa kumi na nne zisizo na mstari. Hao wameshavaa majoho na wamekwenda zao. Ile 400 ya juu ya mchele mnayoiona ndiyo inalipa kurasa hizo kumi na nne. Sifurahii. Mtoto akija saa mbili usiku anataka nusu kilo na mayai mawili na hana kitu, nampa, kwa sababu nami nina mtoto yuko chuo Dodoma na sijui nani anampa.

#21 Binti Isanga

Mama @DukaLaKona, shikamoo. Asante kwa kusema. Katika miaka mitatu sikuwahi kuwaza kuhusu miezi ya likizo.

#22 Kibo Magharibi

Nimesoma namba 20 mara mbili. Mwaka 2019 niliondoka na deni la 14,500 kwenye duka kama hilo. Nilisema nitatuma nikipata kazi. Kazi nilipata 2022, namba ya mama sina, na aibu ikaongezeka kila mwaka. Ukurasa wangu nadhani uliandikwa Mwanasheria ingawa nilisoma ualimu.

#23 Msela wa Chang'ombe

Namheshimu mama, lakini wakuu, mwanafunzi anayelipa deni lake kwa wakati ndiye anayelipia na aliyekimbia. Mwanalupa alilipa 62,000 siku ya kwanza halafu kesho yake akanunua mchele wa 2,600. Hilo nalo si haki.

#24 Mazimbu Halisi

Mimi napinga mada yenyewe. Nimesoma kampasi ndogo, Mazimbu, Morogoro, na bumu langu lilikuwa linafika. Mboga za bei rahisi, matunda ndiyo usiseme, mjini ni karibu. Kampasi ndogo si shida, shida ni umbali. Ile ya mtoa mada iko kilomita 11, ndiyo maana.

Halafu pale ni pazuri mno. Serikali ilijenga majengo imara, miti mikubwa, unasomea chini ya kivuli.

#25 Mlimani87

@Mazimbu Halisi hapo nikusahihishe kijana, maana ni historia yako mwenyewe. Mazimbu haikujengwa na serikali yetu. Tanzania ilitoa ardhi. Waliojenga ni wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni, kwa misaada ya nchi rafiki, wakawa na shule yao pale. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Walipoanza kurudi kwao wakaikabidhi kwa Tanzania, mwaka 1992. Makaburi yao yapo palepale. Mtoto wa miaka 22 ni rika lenu.

#26 Mazimbu Halisi

Asante mzee. Makaburi nimepita mara nyingi nikienda darasani. Hiyo ya kukabidhiwa 1992 nilikuwa sijui.

#27 Komredi wa Bondeni

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu HELB, pesa ya bodi ya mikopo, huingia kwa semista, na komredi huishi kama mfalme wiki mbili. Baadaye ni chapo madondo (chapati na maharagwe) kwa kibanda, na mwisho ni strungi (chai bila maziwa) na mkate mkavu.

Kile nataka kuongeza ni nyumba. Vyuo vya umma vilifungua matawi kwa miji midogo miaka ya 2000, wenyeji wakachukua mikopo wakajenga bedsita, vyumba vya kupangisha. Baadhi ya matawi yakafungwa baadaye. Hizo nyumba zikabaki na kufuli. Kwa hivyo landilodi wa mji mdogo akiona mwanafunzi anataka pesa yake yote mapema, ni woga. Hajui kama chuo kitakuwepo mwaka ujao.

#28 Tunguu Kwetu

Huku Zanzibar wengi wetu twarudi nyumbani kwa daladala baada ya vipindi, chakula cha usiku twala kwa mama. Pesa ya mkopo yaenda kwenye nauli na vocha. Kwa hiyo nadhani suala si Dar na mkoa, suala ni nani ana jamaa karibu. Yule rafiki ana shangazi Mbagala. Mwanalupa ana nani?

#29 Mwanalupa

@Tunguu Kwetu sina mtu. Kwetu ni siku nzima kwa basi.

#30 Asia wa Ngarenaro

Nimesubiri mwanamke aguse hili, nitaligusa mimi. Mtoa mada ni mwanaume anahesabu safari nane za boda. Mimi maktaba yetu ilikuwa inafungwa saa nne usiku na geto langu lilikuwa dakika ishirini kwa mguu, njia ya mashamba ya mahindi. Mahindi yakiwa mafupi unapita. Kuanzia Februari yakishakuwa marefu kuliko mtu, hupiti. Kila usiku wa msuli, yaani wa kujisomea, ni boda 1,000, wiki za mitihani kila siku. Ongeza pedi. Ongeza na kuni au mkaa, maana kupika geto peke yako mkaa ni uleule wa kupikia watu wanne. Watu wa hosteli za Dar mnaoshuka ngazi kwenda kusomea kwenye vimbweta vya nje saa sita usiku, hamjui kwamba mwanga na uzio vina bei.

#31 Kidumu Lita5

Hili la mahindi kuwa marefu limenikaa. Dada yangu mdogo yuko chuo mkoani. Nampigia sasa hivi.

#32 Mwalimu wa Zamu

Nafundisha kampasi ndogo, naomba niongeze sababu moja ambayo haijatajwa: michango.

Darasa la watu 600 Dar, akifiwa mwanafunzi, wanaochanga ni marafiki zake. Darasa langu lina wanafunzi 41. Mmoja akifiwa na baba, mwakilishi wa darasa anapita na daftari siti kwa siti, na siti zinaisha haraka. Huwezi kujificha. Ili rambirambi ifike laki mbili kila mtu lazima atoe kama 5,000. Muhula uliopita tulifiwa mara tatu. Mwingine akalazwa, mwingine akadaiwa ada na karibu azuiliwe mtihani, wenzake wakamchangia. Nawaona wanatoa noti ya mwisho. Nimefundisha kampasi kubwa pia, na sikuwahi kuliona hili.

Sijui niliweke upande wa hasara au wa faida.

#33 Hesabu Zangu

Mwanalupa, michango ulitoa kiasi gani?

#34 Mwanalupa

25,000. Sitaki irudi.

#35 Ndizi Mshale

Nasoma kampasi ndogo, Kanda ya Ziwa. Kwangu hakuna fumbo. Kila bumu natuma laki moja nyumbani. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na bibi ana sukari. Nikisema bumu halijaingia hawaniamini, kwa sababu kijiji jirani kuna mwenzangu wa darasa moja na mama yake ameshapokea. Mkiona mtu anakula pasi ndefu, anakunywa chai saa nne halafu anakutana na ugali saa moja jioni, msikimbilie kusema anabeti.

#36 Kidumu Lita5

@Ndizi Mshale nisamehe kwa namba 2, ingawa sikukulenga wewe. Mungu akuongezee.

#37 Binti Isanga

Mwanalupa, nikupe kitu cha kufanya badala ya maelezo tu. Sisi mwaka wa tatu tulikuwa wanne, mageto yanatazamana. Siku ya bumu hatukwenda dukani. Tulikwenda gulioni tukanunua gunia moja la mahindi, maharage sado tatu, na dagaa. Tukakoboa na kusaga debe moja moja, kwa sababu ukisaga gunia zima unga unapata wadudu na harufu. Anayepika leo hanunui mboga leo. Nilikuwa na daftari dogo ukutani kwa msumari, kila mtu anaandika alichotoa. Ugomvi ulikuwepo, hasa wa nani kamaliza mafuta ya kula, lakini bumu lilifika siku ya 54.

#38 Msela wa Chang'ombe

@Binti Isanga mkiwa mnafanya hivyo wote, mama wa namba 20 anafunga duka.

#39 DukaLaKona

Sifungi. Mafuta, sabuni, vocha na mayai mtakuja tu. Na hilo gunia mimi mwenyewe ningewauzia kwa bei ya jumla kama mngekuja wanne mna hela taslimu. Hamjawahi kuja wanne.

#40 Kibo Magharibi

Mama @DukaLaKona, samahani. Duka lako lina mwembe mbele? Na mlango wa bluu?

#41 DukaLaKona

Mwembe upo mwanangu. Mlango ni wa kijani tangu nifungue. Wa bluu alikuwa jirani yangu, mama mmoja mnene mpole, alihamia kwa binti yake 2021. Daftari zake sijui kama alikwenda nazo. Namba ya binti yake ninayo. Andika kule kwenye ujumbe wa faragha na unitajie ulikuwa unaitwa nani.

#42 Kibo Magharibi

Nimekuandikia.

#43 Mwanalupa

Nimewasoma wote, shukrani. Nimeongea na wawili wa mageto ya jirani, wamekubali, wa nne tunamtafuta. Swali kwa @Binti Isanga: kusaga debe moja huwa mnalipa kiasi gani, na hilo gunia mlihifadhi wapi panya wasilifikie? Geto langu lina panya.

#44 Nyuki wa Tabora

Paka.